Msanii Asiyejulikana: Picha za Seydou Keïta na Suala la Jina

Mnamo mwaka 1991 yalifanyika mjini New York maonyesho ya sanaa ya Afrika ya karne ya 20. Miongoni mwa kazi zilizotundikwa zilikuwamo picha za watu wa Bamako, mji mkuu wa Mali, na maelezo yake yakasema kuwa mpiga picha hajulikani. Mpiga picha huyo, Seydou Keïta, alikuwa hai wakati huo. Alikuwa akikaa Bamako, na filamu zake alikuwa amezihifadhi kwa maelfu.

Makala haya yana makusudio mawili. Kwanza, yatajaribu kuonyesha kwamba picha za Keïta ni kazi ya sanaa yenye fani yake, wala si kumbukumbu ya sura tu. Pili, yatauliza neno "hajulikani" lina maana gani, na kwa nini linatuhusu sisi tunaoshughulika na fasihi ya Kiswahili.

Keïta alizaliwa Bamako yapata mwaka 1921, katika jamaa ya maseremala, naye akafunzwa useremala. Mwaka 1935 ami yake alirudi kutoka Senegal na kumletea kamera ndogo ya Kodak Brownie. Ndiyo iliyomwingiza katika fani hii. Mwaka 1948 alifungua studio yake karibu na gereza la mji, akaiendesha hadi mapema katika miaka ya 1960, alipoitwa na serikali ya Mali huru awe mpiga picha wake. Alistaafu mwaka 1977.

Tukiichunguza fani yake, la kwanza linalojitokeza ni ubanifu. Filamu ilikuwa ghali; kwa hiyo kila mteja aghalabu alipigwa picha moja tu. Alitumia mwanga wa jua uani, na kamera kubwa iliyotoa picha za sentimita 13 kwa 18. Kosa halikuwa na nafasi ya kurudiwa. Mtunzi wa shairi la mizani na vina atauelewa upesi mkazo huu: uhuru wa msanii unakuwa ndani ya mipaka, na mipaka ndiyo inayomlazimisha kuchagua. Keïta alichagua mkao wa mteja, akaugeuza uso kidogo, akaiweka mikono mahali pake. Nyuma alitundika kitambaa cha maua au cha mirabaraba. Cha kwanza kilikuwa tandiko la kitanda chake mwenyewe. Mwanamke aliyevaa vazi la nakshi akiketi mbele ya kitambaa cha nakshi, mwili wake huelekea kuzama katika maua hayo, zikabaki sura na mikono. Athari hii haiji kwa bahati.

Wako watakaopinga wakisema kwamba saa, kalamu, redio na suti zinazoonekana pichani mara nyingi zilikuwa mali ya studio, na kwamba kwa hiyo picha hizi zinadanganya au zinaiga Uzungu. Hoja hii haina uzito mkubwa. Hatumshtaki mwenye kujigamba kwa kuwa ametia chumvi. Katika majigambo, mtu hujieleza kama apendavyo kutambuliwa na jamaa zake, na hadhira hulijua hilo. Mteja wa Keïta alifanya hivyo hivyo. Lugha yetu husema mtu "hupigwa picha," kana kwamba yeye hatendi neno. Lakini ndiyo lugha inayosema pia "kupiga ngoma," na hakuna ngoma isiyomtegemea mchezaji. Picha za Bamako zilitungwa na wawili.

Hapa ndipo linapotokea suala la pili. Baada ya maonyesho ya New York, mjumbe alitoka Ulaya kwenda Bamako kumtafuta mwenye picha. Alifika kwa mpiga picha mwingine mashuhuri, Malick Sidibé, naye akampeleka kwa Keïta. Mwaka 1994 picha zake zilionyeshwa Paris, zikiwa zimekuzwa mara nyingi kuliko zile alizowapa wateja wake, na sifa zake zikaenea duniani. Alifariki mwaka 2001. Tutambue kwamba mjini Bamako jina hilo halikupotea hata siku moja: alikuwa akilipiga muhuri kwenye picha zake. Aliyesemwa "hajulikani" alikuwa hajaulizwa tu.

Fasihi yetu ina kisa kinachofanana na hiki. Tungo za Muyaka bin Haji zilichapishwa na Hichens mwaka 1940, karne nzima baada ya Muyaka. Zilimfikia kwa sababu Mwalimu Sikujua wa Mombasa alimsaidia W. E. Taylor kuzikusanya, na kwa sababu wenyeji walijua beti zipi ni za nani. Watunzi wengi wa tenzi nao walizoea kujitaja katika beti za mwisho. Utamaduni huu haujapata kuwa na haya ya jina.

Hata hivyo, utambuzi aliopewa Keïta una kasoro yake. Picha zake nyingi ukutani huitwa "Bila jina," zikafuatwa na mwaka. Msanii amerudishiwa jina. Aliyeketi mbele ya kamera, aliyevaa nguo zake bora ili atambulike, hana. Yamebaki majigambo yasiyo na mwenyewe.

Nayaandika haya nikijihukumu. Nilipokuwa nikitayarisha tasnifu yangu ya uzamili ng'ambo, nilitumia nyimbo za arusi nilizozirekodi mwenyewe pwani. Chini ya nyingi niliandika "mtunzi hajulikani." Niliposikiliza kanda hizo tena baada ya miaka, nilimsikia mama mmoja, baada ya wimbo kwisha, akisema kuwa wimbo ule ulitungwa na shoga yake, na akamtaja. Sauti yangu inasikika ikimwomba aendelee na wimbo unaofuata. Msimamizi wangu alikuwa mbali. Kosa lilikuwa langu.

Kwa hiyo napendekeza jambo dogo. Kabla ya kuandika kwamba mtunzi hajulikani, mtafiti aseme alimwuliza nani, wapi na lini. Na ikiwa hakuuliza, na aandike kwamba hakuuliza. Kanda zilizomo katika makabati yetu zisikilizwe upya kwa ajili hiyo, hasa maneno yanayosemwa baina ya wimbo na wimbo. Mimi nimekwisha kuanza na zangu. Yule shoga nimeambiwa yu hai, na safari ya kwenda kumwona nimeiweka likizo ijayo.