Mkalimani akisema 'kulea', mzazi husikia nini?

Mwaka 2015 familia moja ya jimbo la Ohio, Marekani, ilimchukua binti wa miaka sita kutoka Uganda na kwenda naye kwao. Safari ilikuwa ndefu, gharama ilikuwa kubwa, na nia, kwa kila dalili, ilikuwa njema. Waliamini kwamba nyumbani kwao mtoto hakuwa na wa kumtunza ipasavyo. Miezi ikapita, binti akaanza kukishika Kiingereza. Alipokishika cha kutosha akasimulia habari zake mwenyewe: kwamba anaye mama, na kwamba maisha yake kwa mama huyo hayakuwa kama yalivyoandikwa katika makaratasi. Walipofuatilia wakagundua kuwa mama aliambiwa mwanawe anapelekwa kusomeshwa, kisha atarudi. Mwaka 2016 wakamrudisha kwa mamake. Kisa hiki kilitangazwa na CNN mwaka uliofuata.

Wanasheria wamekisoma kisa hicho kwa jicho la sheria, na wana haki. Mwaka huohuo wa 2016 Uganda iliirekebisha sheria yake ya watoto na kuuziba mwanya wa amri za ulezi, ambazo wageni walizitumia kumtoa mtoto nchini bila kupitia utaratibu mzima. Agosti 2020 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo raia wanne wa Uganda, wawili wao majaji, kwa tuhuma za kushiriki katika biashara hiyo. Mimi ni mtu wa lugha, na nilichokiona ni kitu kingine. Aliyeufichua ukweli hakuwa jaji wala mpelelezi. Ni mtoto wa miaka sita, siku alipopata maneno. Na mamake hakupokonywa mtoto kwa bunduki. Alipokonywa kwa maneno.

Ulaghai ulikuwapo, sikatai. Lakini ulaghai wa maneno hufaulu pale ambapo lugha yenyewe imeacha mlango wazi. Hebu tuutazame mlango huo.

Kitenzi 'kulea' ni miongoni mwa vitenzi vikongwe vya Kibantu. Waganda wana 'okulera', na huko Malawi Kichewa kina 'kulera'. Sisi tumeimeza ile 'r' ya kati, tukabaki na 'lea', 'mlezi', 'malezi'. Katika lugha zote hizi kitenzi hiki chataja kazi, hakitaji miliki. Anayelea hubeba, hulisha, huogesha, hukanya. Ndiyo maana twasema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Hakuna popote ndani ya neno hilo panaposema kwamba aliyezaa amefutwa. Mtoto aliyelelewa na shangazi mjini ni mtoto wa mamake kijijini, na siku ya arusi wote wawili wana kiti. Nusu ya wasomaji wa safu hii wamelelewa hivyo, nami ni mmojawapo.

Sasa chukua neno hilo ulitie katika kinywa cha mkalimani. Mgeni anasema kwa Kiingereza kwamba anataka mtoto awe wake kisheria, kwa jina, kwa urithi, kwa pasipoti, milele. Mkalimani anakuna kichwa, anatafuta, kisha anasema: 'Wanataka kumlea.' Mzazi anasikia nini? Anasikia kile ambacho babake na babu yake walisikia: atakwenda, atakula, atasoma, atarudi mtu mzima.

Malawi ilituonyesha jambo hili hadharani mwaka 2006, Madonna alipomchukua mtoto David Banda kutoka kituo cha Home of Hope kule Mchinji. Baba mzazi alikuwa hai. Mama ndiye aliyekuwa amefariki. Oktoba mwaka huo baba aliwaambia waandishi wa habari kwamba hakuelewa kuwa mtoto anaondoka moja kwa moja, kwamba yeye alidhani analelewa tu. Baadaye akasema hapingi. Magazeti ya Ulaya yalimcheka kidogo, eti mkulima wa kijijini asiyejua alichotia saini. Kwa maoni yangu mkulima yule alikuwa msemaji hodari wa lugha yake. Alielewa sawasawa kile ambacho maneno ya kwao yalikuwa yakisema. Ni makaratasi yaliyokuwa yakisema jingine.

Na hapo liliingia neno la pili la matata, 'yatima'. Kwa Waislamu yatima ni aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Katika Kiswahili cha kila siku ni aliyefiwa na wazazi, na wengi wetu husikia wote wawili. UNICEF humhesabu hata aliyefiwa na mmoja tu. Basi mhariri anapokea takwimu zilizohesabiwa kwa kipimo cha UNICEF, anazifasiri kwa neno letu, na msomaji anamwona akilini mtoto asiye na mtu duniani. Watoto wangapi 'mayatima' wana mama sokoni akiuza mboga? Ni wengi, na neno halimwonyeshi mama huyo.

Turudi Kenya. Baraza la Mawaziri lilisimamisha Novemba 2014 shughuli ya wageni kuchukua watoto wa Kenya, na wakati huo nilisoma kwa makini jinsi vyombo vyetu vya Kiswahili vilivyoiandika habari ile. Neno lililotawala, na linalotawala hadi leo, ni 'kuasili'. Wenzetu wa Tanzania wanalitumia pia katika mambo ya sheria ya mtoto. Ni istilahi iliyokwisha kukaa, na sina tamaa ya kuing'oa. Lakini lazima niseme ukweli: ni istilahi mbovu.

Ubovu wake si wa sauti, ni wa maana. Katika Kiswahili kitu 'cha asili' ni kile kilichokuwapo mwanzo, kisichoguswa. Mbegu za asili, ngoma za asili, dawa za asili, msitu wa asili. Kwa mantiki hiyo 'mtoto wa asili' ni yule uliyemzaa mwenyewe. Kisha tunamwambia msomaji kwamba 'mtoto wa kuasili' ni yule ambaye hukumzaa! Tazama pia wazazi. Magazeti huandika 'wazazi asilia' kwa maana ya waliomzaa, na 'wazazi wa kuasili' kwa maana ya waliomchukua. Kati ya mwanamke aliyemtia mtoto duniani na mwanamke aliyeshuka kwenye ndege kuja kumchukua, tofauti ni silabi moja au mbili. Huko mahakamani tofauti hiyo ni maisha ya mtu.

Tulipata wapi mazoea haya? Nashuku sisi wanaisimu. Tumezoea kusema kwamba Kiswahili 'hukopa' neno kisha 'huliasilisha'. 'Shule' ilitoka kwa Wajerumani, ikavaa nguo zetu, na Wajerumani hawajaja kuidai. Neno halina mama wa kulia usiku. Mtoto anaye.

Miaka michache iliyopita nilikuwa Kilelengwani, Tana Delta, upande wa Garsen, nikikusanya msamiati wa ujamaa. Msomaji asiyekijua kijiji hicho huenda alikisikia Septemba 2012, katika mapigano ya wakulima na wafugaji, watu 38 walipouawa kwa siku moja, tisa kati yao polisi, na Rais Kibaki akatangaza kafyu. Palipouawa watu kiasi hicho hubaki watoto. Mimi nilikwenda kuuliza maneno tu, lakini kule huwezi kuuliza maneno ya ujamaa bila kugusa habari ya waliofariki.

Bibi mmoja alinikaribisha barazani. Kijana wa shule alileta maji.

'Huyu ni mjukuu, bibi?'

'Ni mwanangu.'

'Wa kumzaa?'

'Wa kumlea, babu. Mamake ni marehemu, na babake pia. Lakini ukimwuliza jina atakupa la babake. Hilo simpokonyi.'

Nikaona hapa ndipo. Nikamwuliza kama huko kwao husema kuwa kijana yule 'ameasiliwa'. Bibi akanitazama, akamtazama kijana, akacheka.

'Ameasi? Kwani amefanya nini?'

Najua, najua. 'Kuasi' na 'kuasili' ni mizizi miwili tofauti ya Kiarabu, na mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza atakueleza hivyo bila kupumua. Lakini sikio la bibi si kamusi. Katika chumba cha ridhaa, mbele ya ofisa na karatasi, sikio hilo ndilo litakaloamua kama kidole gumba kitachovywa wino au la. Neno ambalo mzazi wa kawaida hulisikia kama 'uasi', na ambalo hata akilisikia vizuri humpeleka kwenye 'asili', halifai kuachiwa peke yake likafanya kazi hiyo.

Wapo watakaosema tulirudishe la zamani, 'mtoto wa kupanga'. Wazee walilitumia. Leo kupanga ni kupanga nyumba, unalipa kodi mwisho wa mwezi, au ni kupanga uzazi. (Kichewa nacho kimelipakia 'kulera' mzigo huohuo wa uzazi wa mpango, kwa hivyo hatuko peke yetu.) Wafasiri wa Biblia walitumia 'kufanywa wana', na kwa kweli hilo lina nguvu, kwa sababu halifichi kwamba kuna tendo linalofanywa na kuna mtu anayelifanya. Tatizo lake ni kwamba linanukia kanisa, na wengi wa watu wa delta ile ni Waislamu.

Kwao kuna neno la tatu, na hili limekwisha kuingia katika sheria. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 inaitambua kafala, kama ulivyoitambua Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 katika kifungu chake cha 20. Katika kafala unamtunza mtoto kama wako, lakini nasaba yake haiguswi. Haitwi kwa jina lako, na harithi kwako kama mwana, ingawa waweza kumwusia hadi thuluthi ya mali. Msingi wake umo katika Suratul-Ahzab, na kisa cha Zaid, aliyekuwa akiitwa mwana wa Muhammad kisha akarejeshewa jina la babake Haritha, kila mtoto wa madrasa anakijua. Yule bibi wa Kilelengwani hakunitajia neno kafala hata mara moja. Aliniambia tu kwamba jina hampokonyi.

Kwa hiyo tuna mambo mawili tofauti kabisa, na gazeti linaloyaandika yote kwa 'kuasili' linawapotosha wasomaji wake. Katika moja mtoto anaongezewa watu. Katika jingine watu wake wa mwanzo wanaondolewa na sheria, na wengine wanawekwa mahali pao. Sisemi la pili ni ovu. Nimefundisha vijana waliolelewa kwa amri ya mahakama, wenye furaha, na wazazi wao ni wazazi kweli, bila nyongeza yoyote ya kivumishi. Mtoto aliyeachwa hospitalini bila jina ana haki ya kupata nyumba ya kudumu, na nyumba hiyo ikiwa ng'ambo si dhambi. Ninachodai ni kwamba anayetoa ajue anatoa nini.

Wala si dai langu peke yangu. Mkataba wa Hague wa 1993, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2007, unataka mzazi ashauriwe na aelezwe, hasa kama uhusiano wa kisheria baina ya mtoto na familia yake ya kwanza utakatika. Kueleza ni kazi ya lugha. Huwezi kusema umemweleza mtu kwa kumtajia istilahi.

Istilahi ibaki katika hati. Mbele ya mzazi zisemwe sentensi kamili, za watu, ambazo hazina pa kujificha. Nimejaribu kuziandika hivi: 'Ukitia saini hapa, mtoto huyu hatakuwa mwanao tena kwa sheria. Jina lake linaweza kubadilishwa. Akienda ng'ambo, hakuna anayelazimika kumrudisha, wala hutakuwa na haki ya kumdai. Huenda usimwone tena.' Ni kali, nakubali. Ofisa mmoja niliyemsomea alisema zitawatisha wazazi. Nikamwuliza kama kuna lolote humo lisilo kweli, akanyamaza.

Kiswahili peke yake hakitoshi. Kipokomo ni ndugu wa Kiswahili, na msemaji wa kimoja hukisia mengi katika kingine, na hiyo nayo ni hatari, kwa kuwa kukisia si kuelewa. Kiorma ni Kikushi, mbali kabisa na mambo yetu ya 'lea' na 'lera', na ujamaa wake una hesabu zake. Muhula huu wanafunzi wangu wa tafsiri hawatapewa shairi wala hotuba ya rais. Kila mmoja atazifasiri sentensi zile nne kwa lugha ya kwao, azipeleke nyumbani likizoni, amsomee bibi yake bila kumpa maelezo yoyote, kisha aniandikie ukurasa mmoja kuhusu alichosikia bibi.