Vipande Viwili vya Waya Vilivyoiruka RCD

Vipande viwili vya waya ndivyo vinavyomtia fundi hatiani. Angekata kimoja tu, mtu angeweza kumtetea kwamba hakujua alichokuwa anakigusa. Lakini anayeiruka RCD, swichi inayokata umeme unapovuja, kwa laivu peke yake huiona ikijikata papo hapo, kwa sababu kifaa hicho hulinganisha umeme unaoenda na unaorudi, na sasa mmoja unapita ndani yake na mwingine umepitishwa nje. Ndipo anakata kipande cha pili, anarukia na nyutro, na nyumba nzima inawaka. Aliyefika hatua hiyo ameshaelewa RCD inafanya nini, na ameamua isifanye.

Waliowahi kuita fundi usiku wa Juni au Julai hapa Dodoma wameiona hatua hiyo kwa macho yao, wakimmulikia kwa simu. Joto limeshuka hadi nyuzi 13 au 14, mtu kaingia bafuni, kafungua shawa ya moto, giza. Swichi ya RCD inapandishwa, inashuka. Inapandishwa tena, inashuka tena. TANESCO wakipigiwa wanauliza kama mita ya LUKU inawaka, na ikiwa inawaka, tatizo ni la ndani. Anatafutwa fundi wa mtaani. Anafika na bodaboda, anazima meini swichi kabla ya kugusa chochote, anakaza skrubu zilizolegea, na ndani ya dakika chache ameshajua kwamba sakiti inayosumbua ni ya shawa. Hapo anastahili sifa.

Halafu anasema: "Mama, hii RCD imechoka."

Haijachoka. RCD ya nyumbani hujikata pale umeme wa miliampia 30 unapopotea njiani, na kwa shawa nyingi zilizofungwa mjini hapa kiasi hicho kinaweza kupotea kila zinapowashwa. Shawa za bei nafuu, zile za plastiki zinazopasha maji papo hapo, zina koili iliyo wazi ndani ya maji yenyewe. Maji yakiwa na chumvichumvi kidogo, umeme unaovuja kupitia humo ni mdogo. Maji ya Dodoma hayako hivyo. Kwa miaka mingi mji umetegemea visima vya bonde la Makutupora, pale Mzakwe, na kila mwenye birika anaujua ule ukoko mweupe unaoganda chini. Maji ya wanaotumia visima vyao wenyewe mara nyingi yana chumvi kuliko hayo. Maji ya namna hiyo yanapitisha umeme vizuri zaidi, na ukoko huohuo unaizonga koili mpaka inaungua. Madukani zipo shawa zilizotengenezwa mahususi kwa maji ya chumvi, koili yake ikiwa imefunikwa. Kwa hiyo jibu la usiku ule lilikuwa jepesi: tenga sakiti ya shawa, laivu na nyutro, acha RCD mahali pake, rudisha taa na friji, na asubuhi mwenye nyumba aende dukani. Kwa usiku mmoja maji yapashwe kwenye gesi. Kazi hiyo ni fupi kuliko ile ya kukata vipande viwili vya waya na kuvifunga.

Kosa hili lingekuwa kosa hata Mwanza au Tanga. Uwanda wa kati unalifanya kuwa baya zaidi, na sababu iko ardhini. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, inapata mvua ya kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Ethi ya nyumba, ile fimbo iliyopigiliwa pembeni ya ukuta, inategemea unyevu wa udongo. Iliyopigiliwa Februari, ardhi ikiwa imelowa, inaweza kupimwa na kuonekana safi kabisa. Ifikapo Oktoba imesimama kwenye mchanga mkavu. Penye mawe, na mji huu una vilima vya mawe kila upande, fimbo inagoma katikati, na wapo wanaoikata kwa msumeno ile iliyobaki juu ili isionekane.

Chukua ethi yenye ukinzani wa omu 100, kiwango kisichomshangaza yeyote aliyepima ethi za kiangazi. Laivu ikigusa bodi la pampu ya maji pale uani, umeme utakaokimbilia ardhini ni voti 230 kugawa kwa 100, yaani ampia 2.3. Breka ya ampia 20 haitajikata kwa umeme huo, si leo wala mwezi ujao. Bodi la pampu litakaa na karibu voti zote 230 likimsubiri mtoto aliye peku, na kwa saa 24 uniti karibu 13 zitazama ardhini, kisha LUKU ndiyo itakayolaumiwa. RCD inajitosheleza hata na ethi mbovu. Ili chuma kisizidi voti 50 kabla haijajikata kwa miliampia zake 30, ethi inaweza kuwa na ukinzani wa hata omu 1,600. Hii ndiyo hesabu ambayo fundi wa Dodoma anapaswa kulala nayo: katika udongo huu, breka zinalinda waya, na mlinzi wa watu ni mmoja tu. Yeye ndiye aliyefukuzwa usiku ule.

Wapo mafundi wanaojiona waangalifu zaidi. Hawairuki RCD kwa nyumba nzima. Wanaichukua sakiti ya shawa kabla yake na kuacha nyingine zikipita ndani. Kwa mpango huo soketi ya televisheni ina ulinzi na bafu halina. Mwenye kutazama televisheni amevaa viatu na ngozi yake ni kavu. Anayeoga yuko peku, amelowa mwili mzima, mkono uko kwenye koki ya chuma. Mwili uliolowa unaweza kushuka hadi ukinzani wa omu 1,000, na voti 230 zikiukuta hapo zinapitisha miliampia 230, kiwango kinachoweza kuuvuruga moyo kwa muda mfupi sana. Ziko nyumba ambazo watoto wamefundishwa kuingia bafuni na kandambili na kutogusa koki shawa ikiwa inawaka, kwa sababu koki "inatekenya". Mara nyingi ukifuatilia juu ya dari utaukuta waya wa kijani wa shawa umeviringishwa, haujaungwa popote.

Kifaa kinachodharauliwa hivyo kina historia katika bara hili. Katikati ya miaka ya 1950, mhandisi Henri Rubin aliunda kifaa cha aina hii Afrika Kusini kwa ajili ya migodi ya dhahabu, ambako wachimbaji walikuwa wakifa kwa umeme katika mashimo yenye maji. Toleo la kwanza halikuwa jepesi la kuhisi vya kutosha kumwokoa mtu, akaendelea kulishusha hadi likafika kwenye miliampia kumi na kadhaa. Kazi yote ile ilifanywa ili mtu aliyelowa asife. Bafu la Ipagala hapa Dodoma na shimo la dhahabu vina tatizo lilelile.

Kuhusu breka, safu hii imeshasema na itasema tena. Shawa ya wati 5,500 inavuta karibu ampia 24. Inapofungwa kwenye waya wa milimita za mraba 2.5 uliopita ndani ya bomba ukutani, waya huo uko ukingoni mwa uwezo wake, na breka ya 20 hujikata kila mtu wa pili anapoingia kuoga. Fundi anaitoa, anaweka ya 32, na tatizo "linaisha". Kuanzia hapo waya ndio utakaoungua kwanza, ndani ya plasta, mahali ambapo hakuna macho. Shawa inataka waya wake wa 4 au wa 6, wa peke yake, kutoka meini swichi kupitia RCD. Hakuna breka inayobadilisha ukweli huo.

Mafundi wa Grade One wa zamani, waliopita majaribio ya ufundi kabla VETA haijaundwa kwa sheria ya mwaka 1994, wasingeiruka RCD. Hawakuwa na akili kuliko vijana wa leo, ila walitembea na mega, kipimo cha uvujaji wa waya. Walitenga sakiti, wakaipigia voti 500, wakasoma. Chini ya megaomu 1, hapana, hairudishiwi umeme mpaka hitilafu ipatikane. Kifaa hakikuitwa kibovu kabla ya kupimwa. Leo fungua mkoba wa wengi utakuta testa ya bisibisi, koleo na utepe. Testa inaonyesha laivu ipo; haiwezi kusema inavuja kiasi gani wala inavujia wapi. Wazee wale walijua pia udongo wao. Ethi ilichimbiwa shimo, ikazungushiwa mkaa na chumvi, na kiangazi ikamwagiwa maji. Zipo ethi za namna hiyo ambazo bado zinasomeka vizuri kuliko za nyumba zilizohamiwa juzi.

Nyumba za juzi ni nyingi mno. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 katika iliyokuwa Manispaa ya Dodoma. Ya 2022 ikakuta 765,179 katika jiji. Katikati ya hapo Serikali ilitangaza mwaka 2016 kwamba inahamia, na Ilazo, Nzuguni, Iyumbu na Mkonze zikajaa kuta. Upande wa umeme mkubwa umefanywa vizuri: laini ya kilovoti 400 kutoka Iringa hadi Shinyanga inapita Zuzu, na Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115.

Upande wa nyuma ya mita ndio uliooza, na muhuri ndio chanzo. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 inataka anayefunga umeme nyumbani awe na leseni, na leseni hizo hutolewa na mamlaka ya udhibiti, EWURA. Mtaani mambo huenda hivi: kishoka, yaani fundi asiye na leseni, anafunga waya nyumba nzima, kisha mwenye leseni, ambaye hajawahi kukanyaga kiwanja kile, analipwa kupiga muhuri kwenye fomu ya kuombea umeme. Fomu inasema nyumba imepimwa. Ethi haijapimwa, mega haijafika, na RCD imewekwa kwa kuwa mkaguzi ataitafuta kwa macho. Kijana aliyejifunza kazi kwenye nyumba za namna hiyo amefundishwa tangu mwanzo kwamba RCD ni ya kumwonyesha mkaguzi. Akiitwa usiku na kuikuta inasumbua, ataitoa. Safu hii inamlaumu yeye kwa vipande viwili vya waya, na inamlaumu aliyepiga muhuri zaidi yake.

Mwenye nyumba naye ana sehemu yake. Akisimama nyuma ya fundi akisema nyama itaharibika kwenye friji, anasukuma uamuzi upande mmoja. Tatizo hilo lina dawa ya kiufundi ambayo haishauriwi wakati wa ujenzi: nyumba isitegemee RCD moja. Ziwekwe mbili, au sakiti ya shawa ipewe breka yake yenye RCD ndani, ili bafu likileta hitilafu lizimike bafu peke yake. Ile haraka ya saa tatu usiku isingekuwapo.

Anayetaka kujua kama RCD ya nyumba yake nzima imerukwa abonyeze kitufe cha T kwenye RCD mchana, taa zikiwa zimewashwa na vifaa vingine vimezimwa. Swichi inapaswa kushuka na taa kuzimika kwa wakati mmoja. Swichi ikishuka na taa zikaendelea kuwaka, au isiposhuka kabisa, asiuguse ubao huo mwenyewe. Aite fundi mwenye leseni, na kabla ya kukubaliana bei amwombe aje na mega pamoja na kipimo cha ethi. Asiye navyo asiendelee, hata awe amependekezwa na mtaa mzima. Na ethi ipimwe Septemba au Oktoba, kwa sababu kipimo cha Machi hakisemi lolote kuhusu miezi saba ya ukavu.

Wapangaji wa vyumba vya Makulu na kuzunguka Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wako pabaya zaidi. Wanaoga kwenye shawa moja ya pamoja ambayo mwenye nyumba hajaitumia hata siku moja, na ubao wa umeme uko ndani ya chumba cha mwenzao aliyesafiri. TANESCO na EWURA zote zina makao makuu humuhumu jijini. Hata hivyo, ukaguzi wa ndani ya nyumba bado ni ule wa siku ya kuunganishwa, na nyumba nyingi kati ya hizi hazitakaguliwa tena mpaka mwenyewe aombe umeme wa njia tatu.