Kioo cha Profesa Takaki

Ronald Takaki alizaliwa Hawaii mwaka 1939, mjukuu wa Mjapani aliyehamia huko kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Naye akiwa profesa, dereva wa teksi alimwuliza amekaa Marekani tangu lini. Kwa kisa hicho chaanza kitabu chake, A Different Mirror (1993), tunda la miaka mingi ya kufundisha historia ya makabila katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley.

Sifa yake kubwa ni kwamba Waafrika, Wachina, Wayahudi na wengineo wasema wenyewe, kwa barua, nyimbo na masimulizi yao. Lakini twaona upungufu: mataifa mengi yamesongamana katika juzuu moja, hata tofauti zilizo ndani ya kila taifa hazikupata nafasi ya kutosha.

Walakini lawama hiyo haifuti faida. Takaki hakuwaandikia wataalamu tu; mwaka 2012, miaka mitatu baada ya kufa kwake, kitabu hiki kilitolewa tena kwa ajili ya vijana. Nasi walimu yatupasa kujiuliza: mtoto asiyemwona babu yake katika kitabu cha shule, je, hatajidhania mgeni katika nchi aliyozaliwa?