Kihisi Kimoja, Pakeji Tatu

Hanga inajulikana kwa abasia ya Wabenediktini na karakana zake. Mezani kwa fundi ninayemtazama, hata hivyo, hakuna randa wala tupa. Kuna kompyuta, maikrokontrola na vipande viwili vidogo vinavyoning'inia kwenye nyaya: BME280, kihisi cha Bosch kinachopima joto, unyevu na kanieneo ya hewa, na saa ya DS3231. Kifaa kitafungwa ghalani, kwa sababu mahindi yakikaa kwenye unyevu huota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu.

Programu yake ina pakeji tatu. Moja inaonyesha vipimo kwenye skrini, ya pili inavihifadhi kwenye kadi, ya tatu inatuma meseji unyevu ukizidi. Zote zinakitaka kihisi kilekile. Mwenye haraka angenakili draiva, msimbo unaozungumza na kihisi, mara tatu, kila pakeji na yake, mpaka siku pakeji moja itakapokiwasha upya kihisi huku nyingine ikiwa katikati ya kusoma.

Yeye anaanzia chini kabisa, kwenye nyaya mbili ambazo kihisi na saa vinachangia: mmoja wa data, mmoja wa mapigo. Kihisi kinaitika kwa anwani 0x76, saa kwa 0x68. Msimbo wa ngazi hii haujui unyevu ni nini. Unabeba baiti tu, na hauruhusu safari ya pili ianze kabla ya ya kwanza kwisha.

Juu yake anajenga draiva. Kwanza anasoma rejista 0xD0: jibu lisipokuwa 0x60, draiva inagoma kuendelea. Kisha anachukua namba za urekebishaji zilizowekwa kiwandani, maana kila kihisi kina zake, na kuzitunza. Halafu vipimo vyenyewe, baiti nane kutoka 0xF7 hadi 0xFE, zote kwa mkupuo mmoja. Zikisomwa kipande kipande, joto la kipimo kimoja huweza kuchanganyika na unyevu wa kingine, na hesabu ya unyevu inategemea joto. Kosa la namna hiyo halipigi kelele. Linatoa namba inayoaminika.

Hapo anasimama kwa muda mrefu. Mfano wa hesabu uliochapishwa na kiwanda unaweka joto la kati, t_fine, mahali pa wote. Kwa mtumiaji mmoja hakuna neno. Kwa watatu, mmoja atahesabu unyevu wake kwa joto la mwenzake. Anaihamisha t_fine ndani ya kila ombi, kisha anausoma upya msimbo wote kutafuta mahali pengine pa namna hiyo.

Sasa kufuli. Draiva inafanya kazi ya mtunza stoo wa karakana: kifaa ni kimoja, anayekihitaji anapewa kwa zamu na kukirudisha. Fundi anabakiza usomaji peke yake ndani ya kufuli; hesabu zinafanyika nje, ili anayesubiri asicheleweshwe bure.

Kusubiri nako kuna hatari yake. Mwaka 1997 chombo cha Pathfinder, kikiwa Mirihi, kilikuwa kikijiwasha upya mara kwa mara. Kazi ya hali ya hewa, yenye kipaumbele cha chini, ilishika kufuli. Kazi za kipaumbele cha kati zikaikatiza. Ya juu ikabaki inangoja hadi mfumo ukajiwasha upya. Dawa ilikuwa kumwazima mshika kufuli kipaumbele cha anayemngoja. Katika FreeRTOS, mfumo endeshi wa maikrokontrola, kufuli ya aina ya mutex ina uwezo huo na semafori ya kawaida haina. Fundi anachagua mutex.

Mwisho anaandika mlango wa kuingilia: fungua, soma, funga. Wa kwanza kufungua ndiye anayekiandaa kihisi, wa mwisho kufunga ndiye anayekilaza, na katikati draiva inahesabu waliobaki. Kisha anachomoa waya wa data makusudi. Pakeji zote tatu zinapokea taarifa ya hitilafu. Hakuna hata moja inayopewa namba ya zamani. Anaurudisha waya, anachomoa tena, anaangalia tena.

Baadaye anaongeza pakeji ya nne, ya kuchora mwenendo wa kanieneo kwa wiki nzima. Ndani ya draiva habadilishi hata mstari mmoja.