Umejuaje?

Mtoto wa miaka minane aliyekulia Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika nchini Burundi, hahitaji kufundishwa kwamba ndagala huvuliwa usiku. Ameona mitumbwi ikitoka na taa zake jioni, na asubuhi amepita katikati ya akina mama wanaoanika samaki. Anajua kwamba mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hupumzika, na kwamba mawese yakidondokea shati, doa lake halitoki kirahisi. Asichokijua ni kwamba hayo yote yanaandikika, na kwamba yakiandikwa vizuri, mtu wa mji wa Ngozi ambaye hajawahi kuliona ziwa atayasoma na kuyaelewa. Kumtoa mtoto huyo kwenye kujua na kumfikisha kwenye kuandika taarifa ni ufundi, na katika kazi zote za mwalimu wa madarasa ya chini, huu ndio ninaoustahi kuliko mwingine wowote.

Shule zetu za Afrika Mashariki zimeipenda mno insha ya kisa. Mtoto huanza na hapo zamani za kale, hupamba kwa methali, hufunga kwa funzo. Taarifa inamtaka ajizuie. "Juzi baba alivua ndagala wengi" ni kisa. "Ndagala huvuliwa usiku kwa nyavu na taa" ni taarifa. Mwalimu hodari haanzi na kanuni za sarufi. Huandika sentensi hizo mbili ubaoni, moja chini ya nyingine, kisha huuliza ipi inamhusu baba peke yake na ipi inamhusu kila mvuvi. Watoto huipata tofauti kwa masikio kwanza. Ile hu- ya mwanzo wa kitenzi wamekuwa wakiitumia kila wanapozungumza Kiswahili. Sasa wanaishika kwa makusudi.

Kalamu yenyewe huchelewa kushikwa. Kwanza watoto huzungumza wawili wawili, mmoja akieleza na mwenzake akiuliza. Kisha huchora. Hatua ya kuchora hudharauliwa, watu wakidhani ni ya kuwatuliza watoto, kumbe ndiyo inayofichua mengi. Anayechora mtumbwi wa uvuvi na kuandika jina la kila sehemu analazimika kuamua wavu umefungwa wapi na taa zimening'inia upande gani. Akifika mahali mkono ukasita, amegundua asichokijua, na tayari ana swali la kumpelekea mjomba wake jioni. Mwalimu asiye na subira angemwambia jibu palepale na kuliua swali.

Halafu linakuja neno ambalo kwangu ndilo moyo wa ufundi wote. Mtoto ameandika, "Ndagala wanapenda taa." Mwalimu haikati sentensi kwa kalamu nyekundu. Anauliza tu, "Umejuaje, mwanangu?" Mtoto anafikiri. Hakuna ndagala aliyemwambia. Alichoona, au alichosimuliwa na kaka yake, ni kwamba taa zikiwashwa samaki hukusanyika chini yake. Basi anaandika upya: "Taa zikiwashwa, ndagala hukusanyika kwenye mwanga." Sentensi ya pili ni yake zaidi kuliko ile ya kwanza, maana sasa anaweza kuitetea mbele ya mvuvi yeyote wa mwaloni.

Hapo ndipo kitabu kinapokaribishwa, si kabla. Watoto wakishaandika walichokiona, mwalimu huwaongezea wasichoweza kukiona: kwamba usiku viumbe vidogo mno hupanda kutoka vilindini, ndagala huvifuata, na samaki aitwaye mukeke naye huwafuata ndagala ili awale. Kwamba ziwa lao lina kina cha mita 1,470 panapozidi, na duniani ni Baikal pekee linalolishinda kwa kina. Kwamba nchi nne zinaligawana: Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Habari hizo zikitangulia, hunakiliwa na kusahauliwa. Zikija baada ya mtoto kuandika yake, hupata mahali pa kukaa.

Ovide Decroly, daktari wa Ubelgiji aliyefungua shule yake Brussels mwaka 1907, aliupanga ufundishaji katika hatua tatu zinazofanana na hizi: kuangalia kitu, kukihusisha na vingine, kisha kukieleza. Darasa la mwambaoni lina bahati kwamba hatua ya kwanza iko nje ya mlango.

Lakini mazingira ya kazi si mepesi. Burundi iliondoa ada ya shule za msingi mwaka 2005, jambo jema lililojaza madarasa hadi pomoni. Mwalimu hawezi kukaa na kila daftari. Wenye ustadi hulikabili hilo kwa kuandika taarifa moja ya darasa zima. Chukua mawese, ambayo Rumonge inajulikana kwayo. Kila mtoto hutoa jambo moja, nalo huandikwa ubaoni lilivyo. Kisha darasa huyatenga mambo hayo kama wachuuzi wanavyotenga samaki: ya mchikichi wenyewe huku, ya kukata mikungu, kuchemsha na kukamua kule, ya chakula na sabuni pale. Kila fungu hupewa kichwa kidogo, na kila kikundi huandika fungu lake. Jambo lisilo na fungu hubaki pembeni, na mara nyingi hilo ndilo la kuvutia kuliko yote. Mwalimu mzuri halifuti.

Lugha nayo inadai uangalifu. Mtoto wa Rumonge huenda akawaza kwa Kirundi na kuuza nyanya kwa Kiswahili. Mwalimu mwenye busara humwacha akusanye habari kwa lugha inayomjia, halafu amsaidie kuandika kwa ile ya somo. Akiandika "ndagala", humkumbusha kwamba msomaji wa Kigoma humwita samaki huyo dagaa, basi amweleze. Kumfikiria msomaji asiyemwona ni jambo gumu hata kwa watu wazima.

Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda yakaingia kwenye nyumba za mwambao, Rumonge ikiwamo. Mtoto akiandika kuhusu jambo hilo, swali la "umejuaje" huwa na majibu ya namna mbili: niliona maji mlangoni, na bibi aliniambia ufuko ulikuwa wapi alipokuwa msichana. Yote mawili yanafaa kuandikwa, mradi yasichanganywe. Mtoto wa darasa la tatu anayeandika "bibi anasema" mahali panapostahili ameshika jambo ambalo wapo waandishi wa magazeti wanaolikosa.

Kwa hiyo, wazazi wa Rumonge, na ninyi wa Nyanza-Lac na wa kila mwalo katikati, mtoto akija jioni na daftari kuuliza mafuta hukamuliwaje au wavu hushonwaje, mpeni nafasi hata kama mmechoka. Mjibuni taratibu ili awahi kuandika. Na lile msilolijua, mwambieni hamlijui, aliandike hivyo hivyo.