Mtetezi wa Kongo Aliyewasadiki Waita-wafu

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kusikia jina la Arthur Conan Doyle, Mwingereza aliyetunga hadithi za mpelelezi Sherlock Holmes. Wachache wajua ya kuwa mtu huyo aliandika pia kitabu cha kututetea sisi Wakongo, na ya kuwa baadaye aliandika kingine, kikubwa zaidi, cha kuwatetea waita-wafu. Padre mmoja ametuazima vyote viwili. Tumevisoma polepole, kamusi mkononi, nasi twataka kuvipima pamoja, kwa maana hapa Kasomeno mambo ya mizimu si mazungumzo ya kupoteza wakati. Sababu yake tutaieleza mbele.

Kitabu cha kwanza chaitwa The Crime of the Congo. Kilitoka mwaka 1909, mwaka mmoja baada ya Ubelgiji kuitwaa nchi hii kutoka mikononi mwa mfalme Leopold II. Doyle hakuyaona maovu yale kwa macho yake. Alifanya kazi ya hakimu: alikusanya mashahidi, akawalinganisha. Alichukua taarifa ya Roger Casement, konsuli wa Uingereza, iliyotolewa mwaka 1904. Alichukua na taarifa ya tume ambayo mfalme mwenyewe aliiunda, iliyotoka mwaka 1905. Tena kuna sura nzima juu ya ushuhuda wa Wakatoliki, ingawa watu wengi walidhani Wakatoliki wataificha aibu ya serikali. Hapo ndipo twamsifu. Alijua ya kuwa neno linalomwumiza mwenye kulisema lina uzito kuliko neno linalompatia faida.

Kitabu cha pili ni The History of Spiritualism, cha mwaka 1926, mabuku mawili. Hapa mwandishi ni yule yule, lakini mizani si ile ile.

Chasimulia jinsi mambo yalivyoenea tangu tarehe 31 Machi 1848 katika kijiji cha Hydesville, jimbo la New York, Marekani. Wasichana wawili, Kate na Margaret Fox, walisikika wakiuliza maswali nyumbani mwao, na kitu kikajibu kwa kugonga ko, ko, ko. Watu wakasema ni roho ya mtu aliyeuawa. Baada ya miaka michache waita-wafu walikuwa wamejaa Marekani na Uingereza, na wengi walitoza fedha. Ndipo wenye elimu walipoanzisha chama mjini London, mwaka 1882, ili kuyachunguza mambo hayo bila kucheka na bila kusadiki upesi. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Henry Sidgwick, mwalimu wa Cambridge. Waliwauliza watu 17,000 kama wamewahi, wakiwa macho, kumwona au kumsikia mtu asiyekuwapo. Taarifa yao ya mwaka 1894 yaonyesha ya kuwa kama mtu mmoja katika kumi alijibu ndiyo. Hesabu hiyo haituambii kama wafu hurudi. Yatuambia tu ya kuwa asemaye «nimeona» si lazima awe mwongo wala mwenda wazimu, na hata hilo ni faida kwa katekista anayegongewa mlango usiku.

Doyle aliingia katika chama hicho mwaka 1893, akatoka mwaka 1930 kwa hasira, akiwashtaki wenzake kuwa ni wagumu mno. Kitabu chake chaonyesha walivyoachana. Tutazame mahali pamoja tu. Mwaka 1888 Margaret Fox alisimama jukwaani mjini New York, mbele ya watu wengi, akatangaza ya kuwa sauti zile alizifanya kwa viungo vya vidole vya miguu. Akaonyesha. Mwaka uliofuata akayakana maneno hayo. Doyle aeleza ya kuwa maskini yule aliharibiwa na pombe, na uhitaji, na ugomvi na dada yake mkubwa. Huenda ni kweli. Shahidi anayesema hivi leo na vile kesho hafai sana kwa upande wo wote. Lakini mwandishi wetu alitupa ushuhuda wa mwaka 1888 na kuushika ule wa 1848, na mwanamke ni yule yule! Katika kitabu cha Kongo asingalifanya hivyo.

Na picha je? Nsala, baba wa mtoto aliyeuawa, alipigwa picha mwaka 1904 na mmisionari Mprotestanti Alice Harris, ameketi akitazama mkono na mguu wa binti yake. Picha ile ilikuwa na mtu mwenye jina, kijiji chake, na watu wa kuulizwa. Mwaka 1917 wasichana wawili wa Cottingley, huko Uingereza, walipiga picha za vijitu vyenye mabawa. Doyle akazitungia kitabu kizima, mwaka 1922. Mwaka 1983, wakiwa wazee, wanawake hao walikiri ya kuwa vilikuwa vikaratasi vilivyochorwa, vikakatwa, vikasimamishwa kwa pini za kofia.

Wengine husema huzuni ndiyo iliyompofusha, kwa kuwa mwanawe Kingsley alifariki mwaka 1918. Tarehe zakataa: alikuwa ameitangaza imani hiyo mwaka 1916. Sisi twaona alianza kutaka jibu kabla ya kumsikiliza shahidi. Alilelewa Mkatoliki, akasoma kwa Wajesuiti wa Stonyhurst, akaiacha Kanisa. Nalo Kanisa, mwaka 1917, liliwakataza waamini wasihudhurie mikutano ya kuita wafu hata kwa kutazama tu. Lakini kukataza kuita si kukataza kuchunguza. Padre Herbert Thurston, Mjesuiti wa London, aliyachunguza mambo haya miaka mingi, na kitabu chake juu ya mizimu ya kutupa mawe kilitolewa mwaka 1953, yeye akiwa amekwisha kufariki. Humo mara nyingi mna mtoto katikati ya habari. Frank Podmore, wa chama kile cha London, alisema ni utundu wa watoto tu. Padre Thurston hakukubali ya kuwa hilo laeleza yote, akayaacha mengine bila jibu. Uvumilivu huo wa kuacha bila jibu hatukuuona kwa Doyle.

Sasa sababu yetu. Msichana yatima, umri wake kama miaka kumi na mmoja, aliletwa kwetu na shangazi yake. Mawe yalikuwa yakianguka juu ya bati usiku. Mwombezi mmoja alikuwa amekwisha kusema ni mlozi, akataka fedha za kumfungua, la sivyo afukuzwe. Tulichukua daftari, tukawaita majirani mmoja mmoja. Mama, wewe ulimwona akitupa? Hapana, niliambiwa. Na nani? Na jirani. Jirani naye aliambiwa na mwombezi. Watu tisa, na hakuna hata mmoja aliyeona mkono ukitupa jiwe. Tukamsomea shangazi daftari lote mbele ya wazee, tukawakumbusha ya kuwa Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 41, yakataza kumshtaki mtoto ulozi, na sheria ya mwaka 2009 ina adhabu.

Mawe yalianguka tena siku nne, kisha yakakoma. Ni nani aliyeyatupa, hatujui. Shangazi hakulipa fedha zile. Msichana yuko nyumbani bado, na Jumamosi huja katekisimu pamoja na wenzake.