Mteremko Ulioivisha Udongo

Wageni wengi wanaopanda kwenda hekalu la Kiyomizu, mjini Kyoto, huulalamikia mwinuko. Njia ya Sannenzaka ni ngazi za mawe, na wenyeji husema anayeanguka hapo hafikishi miaka mitatu. Ndiyo maana pembeni huuzwa vibuyu vya kumkinga aliyeteleza. (Biashara ya uhakika: mvua ikinyesha, mawe yenyewe humtafutia muuzaji wateja.) Mimi mwinuko huu naupenda kwa sababu nyingine. Kwa vizazi na vizazi, wafinyanzi wa pande hizi, kuanzia mteremko wa Gojozaka kule chini, waliufanya kitendea kazi. Vyombo vya kaure na udongo vilivyoupa mji huu sifa viliivishwa na kilima.

Tanuri lao lilikuwa msururu wa vyumba vya matofali, kila kimoja kimekaa juu kidogo ya mwenzake, kuufuata mteremko. Ufundi huo ulitoka Korea ukaingia Japani kupitia kisiwa cha Kyushu, mwishoni mwa karne ya 16. Moto huwashwa kwenye mdomo ulio chini kabisa. Aliyewahi kuona moto wa shamba ukishika upande wa mlima anajua unavyopanda mbio. Ndani ya tanuri ni hivyo hivyo, ila umewekewa kuta. Hewa ya moto hupenya matundu ya chumba cha kwanza, ikaingia cha pili na kukipasha kabla hakijaonja kuni. Cha kwanza kikiiva, mchomaji huhamia ubavuni mwa cha pili, akawa anatupia vipande vyembamba vya msonobari kupitia kitundu kidogo, kisha cha tatu, hivyo hivyo hadi juu. Msonobari huchaguliwa kwa sababu ya utomvu wake: mwali wake ni mrefu, unafika kona ambazo mti mwingine usingefika. Joto hupanda hadi nyuzi 1,200 na zaidi. Hakuna mvukuto. Kinachovuta hewa ni kilima chenyewe, na joto ambalo tanuri la chumba kimoja lingelipoteza angani, hapa linatumwa kazi nyingine.

Ndiyo maana nasema sifa ya mchomaji haitajwi inavyostahili. Mfinyanzi husifiwa kwa mkono wake kwenye gurudumu, lakini gurudumu ni nusu ya safari. Usiku kucha mtu anasoma rangi ya mwali kwenye kitundu, anajua lini atupie na lini aache moto upumue. Akiharakisha, vyombo hupasuka. Akizembea, rangi hazikolei, na jasho la watu wengi limekwenda bure.

Watu wengi, maana tanuri halikuwa la mtu mmoja. Hilo unaliona ukiteremka hadi barabara ya Gojo, iliyo pana kuliko unavyotarajia kwa sababu mwaka 1945 nyumba zilibomolewa ili kupata uwazi wa kuzuia moto wa mabomu usisambae. Katika kichochoro kilicho kusini mwake kuna nyumba ya mfinyanzi Kawai Kanjiro (1890–1966). Aliijenga mwaka 1937, baada ya kimbunga cha 1934 kuiharibu ile ya kwanza. Nyuma ya nyumba limelala tanuri lenye vyumba 8, na humo mafundi wengine wa mtaa walipanga vyombo vyao pamoja na vyake. Yeye alipendelea chumba cha pili.

Inama uchungulie ndani. Majivu ya kuni yalipaa na moto, yakatua kwenye matofali, yakayeyuka. Ukuta umevaa ngozi ya kioo, mahali pengine kijani, pengine kahawia, na michirizi iliyoganda ikiwa njiani kushuka. Tanuri limejipaka lenyewe kile kile lililokuwa likivipaka vyombo.

Kawai aliacha kutia sahihi kwenye vyombo vyake, na serikali ilipotaka kumpa cheo cha hazina hai ya taifa, alikataa. Wapo wanaoona hapo unyenyekevu tu. Mimi naona pia mazoea ya mtu aliyekabidhi kazi yake kwa moto wa pamoja na kilima cha watu wote. Katika hesabu kama hiyo, jina lako linaandikwa wapi?

Matanuri ya mteremkoni yalizimwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, sheria za kuzuia uchafuzi wa hewa zilipobana moshi mjini. Sina ugomvi na sheria hizo. Moshi wa msonobari ni mweusi na mzito, na jirani aliyeanika nguo hakuwa na kosa. Baadhi ya wafinyanzi walihamia Yamashina, wengine vilima vya Uji. Waliobaki wanatumia umeme na gesi, na vikombe vinavyouzwa leo kwenye njia ya Chawanzaka ni vizuri, vingine vizuri sana. Lakini tanuri la gesi hukaa popote, hata ghorofani, na mteremko wa Gojozaka umebaki na kazi ya kuchosha miguu ya watalii.

Atakayetaka kuona mteremko ulivyofanya kazi aache umati uendelee kupanda, yeye akate kona kuingia kwa Kawai. Asiende Jumatatu tu, maana hufungwa.